Shati Lililochemka Kwenye Video

Aliyenifundisha jinsi kamera inavyodanganya ni kaka yangu. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo, akisikia kwamba nimeisimulia habari hii mahali, huwaambia watu: "Ule dada yangu iko na hasira tu, mambo ya mashini hajui." Hasira ninazo, sikatai. Lakini mambo ya ile mashine nilisomeshwa na yeye mwenyewe, jikoni kwangu, hapa Baraka, Kongo, mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, na yeye anakula kalanga zangu bila hata kuomba.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wanarudi kwa mashua kutoka kambi za ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Redio ilisema vita vimeisha. Sisi tulisikia redio kwa sikio moja na bunduki za milimani kwa sikio la pili, lakini watu walikuwa wamechoka kungoja, basi wakaoana. Kila Jumamosi harusi, wakati mwingine mbili kwa njia moja, na maarusi wanapishana kwenye vumbi juu ya pikipiki. Wapiga video wa mji walibeba begani zile kamera kubwa za kaseti. Kaka yangu akaenda Bujumbura, akarudi na kamera ndogo, ya kushika mkononi, ya picha lakini inapiga na video. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo Baraka. Picha zake zilikuwa safi hata ukaona nyuzi za kitambaa. Mama yetu alijiangalia kwenye moja akasema amezeeka ghafla.

Siku hiyo ya sombe alikuja amenuna. Alikuwa amepiga video ya kwaya, na bikwembe, vile vitenge vya bamama wa kwaya, vilikuwa na mistari midogo, ya kubanana. Kwenye video ile mistari ilikuwa inatembea. Alikuwa amempigia simu fundi wake wa Bujumbura ili amweleze, na sasa, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumringia, akanieleza mimi.

"Dada, ndani ya kamera kuko kisahani. Juu yake kuko vitone, mamilioni, bimepangwa mistari mistari sawa shamba ya kalanga. Ukipiga picha moja, kamera inatulia, inavuna mistari yote. Njo maana picha inatoka muzuri. Lakini video ni picha nyingi sana kwa sekunde moja tu. Itavuna yote namna gani? Haina nguvu. Basi inavuna mustari mumoja, inaruka mbili. Inavuna mumoja, inaruka mbili. Halafu inarudi nyumbani inasema, shamba yote njo hii."

"Na ile imerukwa?"

"Imebaki kule. Nani atajua?"

Nilicheka mpaka mchi ukanitoka mkononi. "Kumbe ni mwizi!"

"Si mwizi. Ni muvivu."

Akaendelea. Uso wa mtu, ukuta, mbuzi, vitu vipana kama hivyo, havipati shida, kwa sababu hata ukiruka mistari miwili bado uko ndani ya mbuzi. Shida ni kitambaa cha mistari myembamba. Uzi mmoja unaangukia mahali panapovunwa, mwingine unaangukia mahali paliporukwa, kamera inachanganyikiwa, inajaza mawimbi ambayo hayapo, hata rangi ambazo hazipo, kijani, zambarau. Mtu akitikisika kidogo, mawimbi yanakimbia. Kitambaa kinachemka. Na dawa yake? Dawa ni rahisi, alisema, akajipiga kifua. Ukiona kinaanza kuchemka, unasogea karibu ili mistari iwe minene, au unazungusha kioo cha mbele, kidogo tu, picha ilegee. Inatulia mara moja.

"Lakini usiambie mutu," akasema. "Batu bakisikia kamera yangu inaruka, batarudilia bale ba kaseti."

Nikamwambia sina wa kumwambia, amalize kalanga aende.

Mume wangu ni mtu wa Lubondja. Alikuwa analima kule juu milimani, anashusha mihogo na maharagwe Baraka, anakaa kwangu siku kadhaa, anapanda tena. Si mtu wa maneno mengi. Alipoolewa mdogo wetu wa mwisho nilimnunulia mume wangu shati jipya sokoni, jeupe lenye mistari ya bluu, myembamba, ya karibu karibu. Alilikunjua akanitania: "Unanivalisha karatasi ya masomo? Mwalimu ataandika juu ya mugongo wangu." Akalivaa. Siku ile tumbo lilimsumbua tangu asubuhi, kwa hiyo hakula kitu karamuni, si bugali, si nyama, hata fanta aliirudisha. Lakini alicheza. Alipeleka zawadi yetu kwa maarusi akicheza na beseni kichwani, na shangazi zangu wakampigia vigelegele. Kaka yangu alikuwa amesimama mbali, karibu na lango la uzio, ili watu wote waingie kwenye picha.

Kwetu harusi haimaliziki siku ya harusi. Jumapili inayofuata watu wanakusanyika nyumbani kwa wazazi kuiangalia. Hasa bamama waliopika, kwa sababu wao siku yenyewe waliona masufuria tu. Tukafunga mapazia mchana, jenereta ikanguruma nyuma ya nyumba, tukajibana kwenye mikeka. Watu wakachekana. "Mwangalie ule, anakula mara ya pili!" "Weee, na hii kichwa ya nani inafunika bibi arusi?" Raha tupu.

Halafu akatokea mume wangu na beseni lake, na shati likachemka.

Sijui nikuelezeje. Uso wake ulikuwa uso wake, mikono yake, suruali yake. Lakini kifuani, kuanzia shingoni hadi mkandani, kulikuwa na kitu kinatiririka. Mawimbi yalishuka, yakapanda, yakajizungusha mahali penye kitovu, kijani ikapita, zambarau ikapita. Kicheko kikakatika. Shangazi yangu mkubwa akashika mdomo, halafu akasema taratibu, kama anayesoma: "Yesu wangu. Ule iko na maji."

Mtu wa huku kwetu Fizi haelezwi maji ni nini. Wewe unayesoma mbali nakueleza: wale wapiganaji wa msituni hunyunyiziwa maji ya dawa, na inasemwa kwamba aliyenyunyiziwa akipigwa risasi inageuka maji mwilini. Ana miiko yake. Hali vitu fulani, hagusani na wanawake ovyo. Basi ndani ya chumba kile kila mtu akaanza kukumbuka. Hakula! Hata fanta aliirudisha! Anapanda Lubondja kila mara, anafanya nini kule? Mtu mmoja akaleta picha za harusi, zile za karatasi, na kwenye picha shati lilikuwa limetulia, mistari yake ya bluu sawasawa. Mimi nikashusha pumzi. Shangazi akatikisa kichwa. "Picha imekufa, maji yanasimama. Video iko hai, njo maana yanatembea." Wote wakaguna kukubali. Na kusema ukweli, kama mtu hajawahi kuambiwa habari ya mistari inayorukwa, ungemjibu nini?

Nikamgeukia kaka yangu. "Kaka, waambie."

Alikuwa ameinama anashika waya wa jenereta ambao haukuwa na shida yoyote. "Aah, tuendelee," akasema. "Bibi arusi anakuja sasa."

Nilifikiri anaogopa aibu ya siku moja. Nikamwachia. Mume wangu mwenyewe aliona ni mchezo. Wiki ile bamama sokoni walikuwa wanampisha njia wasimguse, na yeye anarudi nyumbani anacheka, "Leo nimenunua chumvi sawa mufalme." Nikamweleza yote, kalanga, mistari, kuruka. Akasema anajua, shemeji yake alishamweleza zamani walipokuwa wanakunywa pamoja. Lakini ile video ilikuwa imeshatolewa kopi, na disiki za harusi hapa hutembea nyumba hadi nyumba kama ungo wa kuazima. Ikafika kambi ya jeshi.

Ilifika wakati mbaya. Wanajeshi walikuwa wameshambuliwa njiani, wamezika wenzao, na walikuwa wanatafuta mtu. Wakamkamata mume wangu sokoni, mihogo yake bado ndani ya gunia.

Nikawafuata kambini. Kapiteni wao alikuwa mtu wa mbali. Alisema Lingala, na Kiswahili cha kuokota. Aligeuza ordinatere yake, kompyuta, upande wangu, akaniwekea video. "Mama, hii ni nini?" Nikamweleza. Nilieleza kama nilivyoelezwa, nikachora hata mistari kwenye vumbi kwa kidole, huu umevunwa, hii miwili imerukwa. Simpaki matope mtu huyu, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kamera ni ya nani.

"Ya kaka yangu, tumbo moja."

"Aje nayo kesho. Na wewe leta lile shati. Nitalivalisha askari wangu, kaka yako apige video. Shati likichemka juu ya askari, bwana yako anarudi nyumbani na wewe. Lisipochemka, maji ni yake. Lori ya Uvira itamubeba."

Kila mtu alijua lori ya Uvira. Waliopandishwa, wengine walirudi, wengine mama zao bado wanauliza. Lakini mimi nilitoka pale karibu nicheke kwa furaha. Shati ninalo! Kamera ipo! Kaka ni wangu! Ningeomba jaribio rahisi zaidi ya hilo?

Kaka yangu aliponisikiliza alipangusa kioo cha kamera kwa kipande cha flaneli, akapangusa tena. Mama yetu akamwambia, "Enda, mwanangu, ni shemeji yako." Akasema sawa. Asubuhi alikuja amenyoa, amevaa vizuri. Nilitembea naye hadi kambini na kila tuliyekutana naye nilimwambia, "Tunaenda kumutosha kifungoni. Kaka yangu anaenda kumutosha." Naona haya nikikumbuka jinsi nilivyokuwa namshika mkono.

Uwanja wa kambi ulikuwa mpana, umefagiwa. Askari mmoja mrefu akavua koti lake, akavaa shati la mume wangu, likambana mabegani, wenzake wakamcheka. Kasho, chumba cha wafungwa, ilikuwa upande wa kulia, na dirisha lake dogo la vyuma lilielekea uwanja. Kapiteni akakaa kibarazani. Nikamwambia kaka yangu, "Simama mbali, sawa kwa harusi." Akasimama mbali. Akafungua kamera. Ina kioo kidogo nyuma, unaona kile inachokiona, na mimi nilikuwa begani kwake kabisa. Askari akajitikisa, na nikaona. Wallahi niliona. Shati lilikuwa linachemka! Mawimbi yaleyale, kijani ileile, juu ya kifua cha askari wa serikali ambaye hajawahi kunyunyiziwa kitu zaidi ya bia. Nikapiga kelele, "Njo hiyo! Kapiteni, njoo uone!"

Kaka yangu akafunika kile kioo kwa kiganja. "Ngoja, sijaanza kurekodi," akasema. Halafu akasogea mbele. Alitembea bila haraka, kama mtu anayetafuta mahali pazuri, akazidi kusogea, hadi akawa karibu na yule askari kiasi cha kuona vifungo. Nikaona vidole vyake vya kushoto vinazungusha kioo cha mbele. Kidogo tu. Ndipo akabonyeza.

Mwili wangu ulijua kabla ya akili. Nilimkimbilia nikashika mkono wake, "Kaka, unafanya nini? Rudi nyuma! Rudi pale!" Akaniondoa mkono kwa upole, upole ule ndio sitausahau, akapeleka kamera kibarazani. Kapiteni akaangalia. Askari anatikisika, anazunguka, anacheza hata. Shati limetulia kama limelala kwenye kabati.

"Halichemki," kapiteni akasema.

"Kwa sababu alisogea!" Nilikuwa napiga kelele sasa, kamasi zinanitoka. "Alisogea na alilegeza kioo! Mwambie asimame langoni! Mwambie!"

Kapiteni akanitazama, akamtazama kaka yangu. "Mama, kamera ni yako ao ni yake? Ee, fundi, dada yako anasema ukweli? Kamera yako inaruka mistari?"

Hapo ndipo palipokuwa pa mwisho. Neno moja lilitosha. Angesema ndiyo, mume wangu angetoka pale kwa miguu yake.

Kaka yangu akasema, "Kapiteni, kamera yangu ni nzima. Inachukua kile kiko mbele yake." Halafu akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote. "Dada yangu anapenda bwana wake. Mumusamehe."

Lori liliondoka kesho yake na mume wangu ndani.

Baada ya wiki moja wakubwa walikuja kutoka Bukavu na kukawa na sherehe kubwa kambini, magwaride na ngoma, na kaka yangu ndiye aliyekuwa anazunguka uwanjani na kamera. Kazi hiyo alikuwa ameahidiwa kabla mimi sijakanyaga kambini. Watu walimsifu, picha zilikuwa safi. Mimi nilimwendea mama yetu nikamweleza kila kitu, kiganja, vidole, hatua zake. Alilia na mimi. Halafu akasema, "Mwanangu, usilitoe nje. Niko naye mumoja tu wa kiume." Nikarudi kwangu. Nililima shamba la mume wangu Lubondja peke yangu mwaka ule, nikishuka na gunia kichwani, na sokoni watu waliniita bibi wa maji. Nilichukia hata kumsikia kaka yangu akikohoa njiani.

Mume wangu alirudi. Namshukuru Mungu na sielewi kwa nini, kwa sababu siku moja tu waliwafungulia wengi, bila neno. Mvua ilikuwa imepita na kiangazi kimeisha. Aliingia uani mchana, nikadhani ni mwombaji. Sikio la kushoto halisikii mpaka leo, na mkono wa upande huo hauinuki juu ya bega, jembe analishika kwa mkono mmoja. Sikumwambia habari ya kaka yangu. Nilimwangalia anavyokula taratibu, nikajisemea, huyu amebeba ya kutosha, nimwongezee na hili, kwamba ni damu yangu iliyomtuma kule? Kila usiku nilipanga kumwambia, na kila asubuhi nikampikia uji.

Jumapili ya pili kaka yangu akaja, na kuku mkononi. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanampa pole mgonjwa. Akapewa kiti. Akaanza kusimulia, kwa sauti ya watu wote kusikia, jinsi alivyohangaika. "Shemeji, Mungu ni mukubwa. Nilienda mi mwenyewe kule kambini na kamera yangu. Nilijaribu mbele ya kapiteni, dada hapa ni shahidi. Nilijaribu vyote."

Nilikuwa nimesimama na sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani. Nikafungua mdomo.

Mume wangu akanitangulia kusema. Hakuinua sauti. "Shemeji, ulisogea."

Kaka yangu akahamishia kuku mkono wa pili.

"Nilikuwa dirishani," mume wangu akasema. "Ulikuwa mbali, ukaangalia kioo, ukasogea. Njia yote ya Uvira nilikuwa ninafikiri, labda sikuona muzuri. Lakini niliona." Akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba msamaha, mimi! "Sikutaka kukuambia. Ni kaka yako."

Basi tangu arudi tulikuwa tumelala kitanda kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile. Niliweka sahani chini.

Kaka yangu alitazama majirani, akatazama kuku wake. Nilingoja aanguke magotini. Nilingoja hata akane, angekana ningejua kwamba bado ana haya. Alinyanyuka, akakung'uta suruali yake, akasema, na mpaka leo naisikia ile sauti, sauti ya mtu anayeonewa:

"Na sasa, si ulirudi?"

Nikamfungulia lango la uzio. Nikasimama hapo mpaka alipopita.